Uchi na Utupu: Mwili wa Mwanamke katika Filme za Maana

Kati ya maulizo yanayoletwa kwa padri anayeongoza mazungumzo ya sinema katika parokia ao katika seminari, moja hurudi kila mara. Juu ya filme za upuzi, zile zinazotengenezwa kwa kuamsha tamaa tu, hakuna shida kubwa: kila mtu mwenye akili anajua zinataka nini, hata yule anayeziangalia kwa siri. Lakini kuna filme nyingine, kazi za mabwana wakubwa wa sinema, zinazosema juu ya vita, kifo, upweke, zambi na wokovu. Na katikati ya filme hizo, gafula, mwanamke anaonekana uchi. Basi wanauliza: Je, ukubwa wa habari unatosha kwa kuuhalalisha uchi huo? Ao ni biashara ileile ya zamani iliyovaa joho la mwalimu?

Majibu mawili ya haraka yanajulikana. Wa kwanza asema: ngozi ni ngozi, ifunikwe yote. Wa pili asema: sanaa haina mpaka, na yule anayeona ubaya ameuleta mwenyewe katika macho yake. Naona kwamba hawa wawili, wanaogombana sana, wanakosa mahali pamoja. Wote wawili wanaangalia filme, wanamsahau mwanamke.

Tuanze na filme moja iliyowalazimisha watu kuamua. Inaitwa The Pawnbroker, maana yake mwenye duka la rehani, yule anayepokea saa ao pete ya maskini na kumkopesha feza kidogo juu yake. Ilitengenezwa na Sidney Lumet, ikaonyeshwa Berlin mwaka wa 1964, na kule Marekani mwaka wa 1965. Mchezaji Rod Steiger anakuwa mzee Sol Nazerman, Myahudi aliyekuwa profesa huko Ulaya. Wanazi walimwulia mke na watoto kambini. Yeye akabaki hai, lakini hai ginsi jiwe lilivyo hai. Duka lake liko Harlem, mtaa wa watu weusi na wa watu wa Puerto Rico mjini New York. Ana kijana wa kumsaidia, na jina la kijana huyo ni Jesus Ortiz. Wasomaji wa gazeti hili watafahamu wenyewe kwamba jina hilo halikuwekwa bure, zaidi wakijua kwamba mwishoni kijana huyo anapigwa risasi iliyokuwa ya mzee.

Siku moja binti anayependana na Ortiz anaingia dukani. Ni binti mweusi, anafanya ukahaba chini ya mkubwa mmoja wa mtaa. Anatafuta feza kwa ajili ya kijana wake. Hana saa, hana pete, hana kitu cha kuweka rehani. Basi anatoa kile alicho nacho. Anafungua nguo, anaonyesha kifua chake, anamwambia mzee atazame. Mzee anatazama, lakini si yeye anayemwona. Kichwani mwake picha nyingine zinapita kama umeme, zinakatika, zinarudi: kambi, askari, dirisha, na mke wake mwenyewe, Ruth, ameketi uchi katika nyumba ambamo Wanazi waliwatumia wanawake wafungwa. Mume alishikwa kichwa, akalazimishwa kuona. Sasa, miaka mingi kiisha, mbele ya binti huyu, analazimishwa mara ya pili. Kisha anachukua koti la binti, anamfunika nalo.

Tazameni vema ginsi sehemu hii inavyofanya kazi. Mtu aliyeketi katika sinema, akiona kifua cha binti, huenda moyo wake umeanza kufurahi. Mara moja anapigwa na picha ya pili, na kumbe, kwa furaha yake, amejikuta amesimama mahali pa yule askari. Hakuna hotuba. Hakuna mtu anayemwambia: Umefanya vibaya. Filme imemwonyesha tu kwamba kuna mtazamo unaoua, na kwamba mtazamo huo aweza kuwa wake. Wengi wetu tumesikia habari ya padri wa zamani aliyeweka mkono mbele ya taa ya mashini kila mara bwana na bibi walipobusiana juu ya kitambaa cheupe cha misioni. Tunacheka, naye alikuwa mtu mwema. Lakini ukiweka mkono mbele ya The Pawnbroker katika dakika hiyo, hufuti uchafu, unafuta mashitaka.

Sasa, filme hiyo ilikuta sheria mlangoni. Mwaka wa 1930 makampuni ya sinema ya Marekani yalikubali Sheria ya kupima filme zao. Aliyeiandika alikuwa Mjezwiti, Padri Daniel Lord, pamoja na mkristu mmoja mlei, Martin Quigley, mwenye magazeti ya sinema. Tangu mwaka wa 1934 Sheria ilishikwa kwa mkono mgumu na Joseph Breen, naye vilevile mkatoliki. Nyakati zilezile maaskofu wa Marekani walianzisha shirika la Legion of Decency, ni kusema Jeshi la Adabu, lililopanga filme kwa madaraja. Daraja la mwisho, la herufi C, lilikuwa la filme zilizolaaniwa. Papa Pio XI alilisifu shirika hilo katika barua yake Vigilanti Cura ya tarehe 29 Juni 1936. Sinema ya Marekani, ambayo wengi wanaizania kuwa ni kitu cha watu wasio na dini, kwa zaidi ya miaka 30 ilipimwa kwa kipimo kilichochongwa na wakatoliki.

Sheria hiyo ilikataa uchi wote, na kwa hiyo The Pawnbroker ilikataliwa. Wenye filme wakaomba rufani. Mwaka wa 1965 wakubwa wa makampuni wakapiga kura, 6 kwa 3: filme ipite, lakini kama jambo la pekee, lisilo mfano kwa nyingine. Legion of Decency ikaitia katika daraja la C, na sababu ilikuwa uchi ule tu. Hofu yao ilikuwa mlango. Ukifungua kwa mmoja mwenye haki, kumi wasio na haki watapita nyuma yake wakishika mkia wa kanzu yake. Tusiwacheke upesi. Mwaka wa 1968 Sheria ya zamani iliachwa kabisa, ikafuatwa na utaratibu wa kuonyesha umri wa watazamaji, na kwa kweli mafuriko yalikuja. Juu ya filme ile walikosa. Juu ya mlango hawakukosa.

Lakini kuna jambo katika Sheria ile ambalo kwetu Waafrika ni kubwa kuliko ugomvi huo wote, na vitabu vingi vya habari za sinema vinalipita mbio. Mwaka wa 1939 waliongeza maneno kwa kueleza kwamba makatazo juu ya mavazi na uchi hayazuii picha za kweli zilizopigwa katika inchi za mbali na kuonyesha maisha ya wenyeji wa inchi hizo. Someni tena polepole. Mwanamke akiwa uchi mbele ya kamera, ni zambi, ni hatari kwa vijana, mkasi ukate. Isipokuwa mwanamke huyo ni mwenyeji wa inchi za mbali. Hapo si uchi tena, ni elimu.

Mambo hayo yalikuwako hata kabla ya kuandikwa. Kampuni MGM ilituma watu wake Afrika ya Mashariki mwaka wa 1929 kwa kutengeneza filme Trader Horn, iliyotoka mwaka wa 1931, na ndani yake wanawake Waafrika wanaonekana kifua wazi. Vipande vya picha zake vilitumiwa tena mwaka wa 1932 katika filme ya Tarzan. Miaka miwili baadaye, katika Tarzan and His Mate, kampuni ileile ilipiga picha ya Jane akiogelea uchi chini ya maji. Aliyeogelea kweli alikuwa Josephine McKim, mwogeleaji wa michezo ya Olimpiki, mahali pa mchezaji Maureen O'Sullivan. Sehemu hiyo ilikatwa. Mwanamke mweupe alifunikwa kwa mkasi katika msitu wa Afrika uliotengenezwa California, na wanawake wa Afrika wa kweli hawakupata hata heshima ya kukatwa.

Kwetu Kongo mambo hayakuwa mbali na hayo. Tangu miaka ya 1920 mpiga picha Casimir Zagourski, aliyekaa Léopoldville, alitembea katika inchi yetu na majirani, na picha zake zikauzwa kama kadi za posta chini ya kichwa L'Afrique qui disparaît. Ni picha nzuri, sikatai. Mikono yake ilikuwa ya fundi. Lakini wanawake wengi ndani yake wako kifua wazi, na chini mara nyingi limeandikwa jina la kabila, si jina la mtu. Wakati huohuo masista wa misioni waliwashonea mabinti wa vijiji vilevile marinda na kuwafundisha kujifunika. Mama za mama zetu walifunikwa kwa ajili ya Mungu, na kadi zao zikasafiri bila nguo kwenda Ulaya, kwa bei ya franka kidogo. Na utawala uleule wa Wabelgiji, uliochunguza filme mbali kwa Wazungu na mbali kwa Waafrika kwa kuogopa macho yetu yasiharibike, haukusumbuka sana na macho ya wale walionunua kadi.

Wala si kusema kwamba kifua wazi kilikuwa aibu kijijini. Hakikuwa. Mama aliyenyonyesha mbele ya wakwe zake hakuwa uchi mbele ya mtu. Alikuwa mama fulani, mke wa fulani, na kila aliyemwona alijua jina lake na ukoo wake. Uchi wake ulizungukwa na majina. Kamera ilichukua ngozi, ikaacha majina nyuma.

Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia. Twasema uchi, twasema tena utupu, na katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili yanabadilishana. Lakini utupu unatokana na tupu, kama chupa tupu, kama mikono mitupu. Naomba ruhusa niyatenge kwa ajili ya maelezo haya. Uchi ni mtu asiye na nguo. Utupu ni mwili uliomwagwa mtu wake. Mtoto anayezaliwa ni uchi, mgonjwa anayeoshwa ni uchi, Bwana wetu juu ya msalaba alivuliwa nguo zake. Hakuna utupu hapo. Na mwanamke aliyevaa tangu shingo mpaka kisigino, lakini kamera inapanda na kushuka juu yake kama mkono wa mlevi, huyo amekwisha kufanywa mtupu bila kifungo kimoja kufunguliwa.

Basi wasimamizi wa Sheria, walipokata picha ya Jane na kuacha wanawake wa Trader Horn, walipima uchi, hawakupima utupu. Na hata The Pawnbroker haikuokoka kabisa. Tazama orodha ya wachezaji. Mke wa mzee, ambaye tunamwona katika picha za kumbukumbu tu, ana jina: Ruth Nazerman. Binti mweusi, anayesema, anayependa, anayejitoa kwa kumwokoa kijana wake, anaandikwa kama binti wa Ortiz, basi. Mchezaji wake, Thelma Oliver, alicheza vizuri sana, lakini mtu aliyemcheza hakupewa jina. Naihesabu filme hiyo kuwa kazi ya haki, naamini uchi ule ulistahili kupita. Hata hivyo kasoro hiyo ni ya kweli, nayo ni ndugu ya zile kadi za posta.

Mafundisho ya Eklezya yamekwenda wapi katika neno hili? Wengine wanafikiri kwamba Eklezya haijui ila kusema hapana. Mwaka wa 1955 Papa Pio XII aliwaeleza watu wa sinema, katika hotuba mbili, sura ya filme kamili, naye akakubali kwamba filme yaweza kuonyesha ubaya, ikiwa haiusifu, na ikiwa inasaidia kuufahamu na kuushinda. Mwaka wa 1957 akatoa barua Miranda Prorsus juu ya sinema, radio na televisheni. Lakini aliyechimba kwa kina ni Yoane Paulo II. Katika mafundisho yake ya siku ya tatu ya juma, mwezi wa 4 na wa 5 mwaka wa 1981, alitenga mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Mchoraji na mchongaji, asema, hupitisha mwili wa mtu katika akili na mikono yao. Kinachotoka si mwili ule tena, ni kazi yao. Kamera si hivyo. Kamera inamchukua mtu yuleyule aliye hai na kumpeleka kwa watu wasiojulikana, wasiomjua, ambao hawezi kuwajibu. Hata hivyo aliongeza kwamba ziko kazi za sanaa ambamo uchi haumwamshi mtu kwa tamaa, bali unamwonyesha siri nzima ya mtu.

Ni Papa huyohuyo aliyesema, tarehe 8 Aprili 1994, kwamba kikanisa cha Sistina, chenye miili mingi uchi iliyochorwa na Michelangelo, ni patakatifu pa teolojia ya mwili. Wanafunzi wa historia wanakumbuka kwamba mwaka wa 1565 Daniele da Volterra alitumwa kuchorea vitambaa juu ya viuno vya watakatifu katika picha ya Hukumu ya Mwisho, na watu wa Roma wakampa jina la mshona suruali, masikini. Jina hilo limemfuata kaburini. Wakati wa kusafisha picha, vitambaa vyake viliachwa, na vingi vya waliomfuata vikaondolewa. Eklezya imebeba mafundisho yote mawili juu ya ukuta mmoja.

Lakini ukuta haulii. Aliyemkalia Michelangelo kama mfano hatambuliwi na mtu. Mchezaji wa sinema anatambuliwa sokoni, na watoto wake wanatambuliwa shuleni. Kwa hiyo wale wanaotetea kila uchi wa filme kwa kusema «hata Sistina» wanakimbia nusu ya ulizo. Distinguo, kama walimu wetu wa falsafa walivyotuzoesha: kuna mwanamke wa ndani ya habari, kuna mwanamke wa mbele ya kamera. Yatupasa kuuliza juu ya wote wawili.

Filme Last Tango in Paris ya Bernardo Bertolucci, ya mwaka wa 1972, ni mfano mchungu wa kukosa ulizo la pili. Wenye elimu ya sinema waliisifu kama kazi kubwa juu ya upweke na huzuni. Marlon Brando alikuwa na miaka 48 hivi. Maria Schneider alikuwa na 19. Yeye anaonekana uchi mara nyingi, mwanamume ni mara chache. Kuna sehemu ambamo mwanamume anamshika kwa nguvu. Mwaka wa 2007 Schneider alieleza kwamba jambo lililofanywa pale halikuwa katika maandiko aliyopewa, kwamba tendo lenyewe lilikuwa la kuigiza lakini machozi yake yalikuwa ya kweli, na kwamba alijisikia ameaibishwa. Alikufa mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013 Bertolucci alikubali kwamba yeye na Brando walipatana bila kumwambia, kwa sababu alitaka kuona aibu ya binti mwenyewe, si ya mchezaji.

Wakati ule Italia haikunyamaza. Mwaka wa 1976 mahakama makuu iliamuru filme iharibiwe, na Bertolucci akanyanganywa haki ya kupiga kura kwa miaka mitano. Ugomvi ulikuwa mkubwa: upande mmoja adabu ya watu, upande mwingine uhuru wa msanii. Mahakimu walipima madhara kwa macho ya watazamaji. Wasanii walipima hasara ya sanaa. Binti aliyelia kweli mbele ya kamera hakuwa ulizo la mtu yeyote, na ilipita miaka 40 mpaka ulimwengu ukamsikia. Hilo ndilo kosa nililolisema mwanzoni, na hapa laonekana waziwazi.

Wengine watasema: Hiyo ni hila, lakini mchezaji mtu mzima aliyejua yote, akatia sahihi, akalipwa, nani amemtumia? Ni kizuizi chenye nguvu, nami sitaki kukiruka. Mtu mzima ana uhuru wake, na si kila mwanamke aliyekubali ni mtoto aliyedanganywa. Ila turudi dukani Harlem. Binti wa Ortiz, naye, alifungua nguo yake mwenyewe. Hakuna aliyemshikia kisu. Alikubali kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuweka rehani. Binti wa miaka 20 anayetafuta kazi yake ya kwanza ya sinema, mbele yake bwana mwenye jina kubwa anayemwambia kwamba bila uchi huu filme haina ukweli, yeye ana nini cha kuweka rehani? Tangu mwaka wa 2018 kampuni ya televisheni HBO, kule Marekani, imeanza kuweka katika kazi za namna hiyo mtu wa kusimama upande wa wachezaji: anapatana nao mapema ni kitu gani kitaonekana, nani atakuwa katika chumba, na anaweza kusimamisha kazi. Mwaka wa 2020 chama cha wachezaji cha huko, SAG-AFTRA, kilitoa mashauri yake juu ya kazi hiyo. Tumwite mlinzi wa wachezaji. Ni jambo jema, na yafaa tulikubali hivyo hata kama halikutoka kwa wateolojia.

Ulizo la kwanza, la mwanamke wa ndani ya habari, linapimika mara nyingine katika filme moja. Schindler's List ya Steven Spielberg, ya mwaka wa 1993, inaonyesha wafungwa wa Kiyahudi, wanaume na wanawake, wakikimbizwa uchi mbele ya waganga wa kambi, waganga wakiwachagua kama ng'ombe wa soko. Kabla ya hapo wanawake wanajitoboa vidole na kupaka damu mashavuni ili waonekane wazima. Baada ya kuona damu ile, uchi unaofuata hauwezi kumpa mtu furaha yoyote; unamkuta amekwisha kujua nyuso zao. Lakini filme hiyohiyo ina wanawake uchi katika vitanda vya wakubwa, nao ni wa kupamba chumba tu. Ukiwaondoa, habari inakwenda mbele bila kuchechemea. Mwaka wa 1994, huko Ufilipino, wachunguzi walitaka kukata, Spielberg akakataa kabisa, na Rais Fidel Ramos akaruhusu filme ipite nzima. Mwaka wa 1995 Vatikano, katika kusherehekea miaka 100 ya sinema, ilitoa orodha ya filme 45 zenye maana, na Schindler's List imo. Andrei Rublev ya Andrei Tarkovski imo vilevile, pamoja na usiku wake wa wapagani wanaokimbia uchi penye mto. Atakayeniambia kwamba Eklezya inahesabu vipande vya ngozi, nitampa orodha hiyo aisome.

Na Waafrika wenyewe, wakishika kamera? Katika Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata zawadi ya majaji huko Cannes mwaka wa 1987, kuna mama anayejua kwamba baba anamtafuta mtoto wao kwa kumwua. Anasimama kifua wazi katikati ya maji, anajimwagia maziwa kichwani, anaomba mtoto wake aokoke. Sala yake inakwenda kwa mungu wa kike wa maji, si kwa Mungu wetu; lakini ni sala, na kila mama wa Kongo ataielewa bila tafsiri. Kifua kile kimenyonyesha yule anayeombewa. Kingefunikwaje? Ndicho anachomwonyesha mbingu kama ushuhuda. Ni kifua kama kile cha kadi za posta, nacho kimerudishiwa jina, mtoto na machozi. Sikusema kwamba kila filme ya Mwafrika ina haki hiyo. Viva Riva! ya Djo Munga, ya mwaka wa 2010, inaonyesha Kinshasa isiyo na petroli kwa macho makali na ya kweli, lakini mara kadha kamera yake inamtazama Nora kama vile wauzaji wa pombe wanavyomtazama katika matangazo yao. Mkono mweusi juu ya kamera hautakasi kitu kwa rangi yake.

Huku kwetu Kivu maneno haya si ya shule tu. Wapiga picha wengi wamekuja kutafuta wanawake walioharibiwa na vita. Mwaka wa 2015 Thierry Michel alitoa filme L'Homme qui répare les femmes juu ya Mganga Denis Mukwege na hospitali ya Panzi, Bukavu; serikali iliikataza mwezi wa 9, kisha ikairuhusu mwezi uliofuata. Ubaya wanaousimulia wanawake hao hauna kipimo, na nguvu ya filme inatoka katika midomo na macho yao wenyewe, wakisema. Basi mtengenezaji wa habari ya kubuni anayetuambia kwamba hawezi kuonyesha kunajisiwa bila kumvua mchezaji wake nguo, aketi kwanza mbele ya mwanamke mmoja wa Panzi anayesema akiwa amevaa kitenge chake. Mara nyingine uchi unahitajiwa, kama katika duka la Nazerman. Mara nyingi zaidi anayeuhitaji ni mtengenezaji aliyekosa la kusema.

Kwa kazi yetu ya kila siku, maneno machache. The Pawnbroker naiona ni filme ya wafratri wa teolojia na ya watu wazima, si ya wanafunzi wa sekondari. Na watu waambiwe mapema kitakachoonekana, ili asiyetaka aweze kubaki nje bila aibu. Mashini isisimamishwe katikati, wala mkono usiwekwe mbele ya taa. Filme isiyofaa kuonyeshwa nzima isionyeshwe. Majina ya wachezaji yasomwe kwa sauti kabla ya kuanza, hata ya wale waliopewa sehemu ndogo. Na taa zikiwashwa kwa mazungumzo, wanawake waseme wa kwanza. Wanaume wakianza wao, watasema juu ya sanaa saa nzima.